Taili nyeusi na nyeupe kwa bafu ndogo, nipange vipi?

Nalongo_Bweyo:

Jamani habari za jioni. Naomba mnisaidie kabla sijatoa pesa maana fundi anataka kuanza Jumatatu na mimi bado nimekwama kwa sakafu ya bafu. Tuko Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, nyumba yetu wenyewe, tumejenga polepole miaka sita na sasa imebaki bafu na jikoni tu. Bafu ni ndogo, upana mita 1.5 na urefu mita 2.1, mlango uko katikati ya upande mfupi, choo cha kukaa kiko humohumo, sinki ndogo, na shawa kule mwisho chini ya dirisha. Hakuna ukuta wa kutenganisha, ukioga maji yanatembea sakafu nzima.

Mimi tangu zamani nataka sakafu ya nyeusi na nyeupe, ile ya kupokezana kama ubao wa dama. Nilipokuwa mtoto tulikaa Jinja, baba alikuwa jeshini, na mama alikuwa anaenda kufua kwenye nyumba moja ya zamani ya Wahindi, veranda yake ilikuwa hivo, nyeusi nyeupe nyeusi nyeupe, na mimi kazi yangu ilikuwa kuruka nyeupe peke yake mpaka mlangoni. Sijasahau ile sakafu mpaka leo na nilijiambia siku nikijenga yangu nitaiweka hata kama ni chumba kimoja tu.

Sasa kila mtu anakataa. Fundi anasema nichukue 60 kwa 60 za kung'aa ndiyo fasheni na anamaliza siku moja. Ssalongo, baba wa pacha wetu, yuko kazini mbali, kwa simu anasema nyeusi itafanya bafu kuwa pango. Dukani nimepata nyeusi 60 kwa 60 inayong'aa, alafu 30 kwa 30 ziko rangi zote mbili lakini nyeupe ni ya kiwanda kimoja na nyeusi ya kingine. Nichukue saizi gani? Zing'ae au zisingae? Grauti, ile ya kujaza nafasi kati ya taili, ya rangi gani? Na barabara yetu ni ya murram, vumbi jekundu linaingia mpaka chini ya kitanda, na pacha wangu wana miaka minne, hao hawatembei, wanakimbia.

fundi_ndeeba:

Nalongo pole na ujenzi. Mimi napiga taili Kampala na Entebbe zaidi ya miaka kumi na hili swali lako nalijibu kwa kalamu na karatasi, chukua na wewe.

Hiyo 60 kwa 60 sahau kabisa. Upana wako ni 1.5, maana yake taili mbili na nusu, urefu taili tatu na nusu. Toa zilizofichwa na choo, kinabaki nini? Vipande vichache vikubwa vyeusi na vyeupe ambavyo jicho haliwezi kusoma kama mchoro, mtu anaona tu mabaka. Dama inataka miraba mingi ndo ionekane dama. Halafu kuna jambo la maji, sakafu ya bafu lazima iteremke kwenda kwa trapu, lile tundu la sakafuni la kutolea maji, kama sentimita moja na nusu kwa kila mita, na taili kubwa haipindi, ukitaka iteremke pande mbili lazima uikate. Fundi wako anasema siku moja kwa sababu atailaza tambarare kama sebule, alafu maji yatasimama nyuma ya choo na wewe utakuwa na kazi ya kusukuma maji kila siku asubuhi.

Chukua 30 kwa 30. Angalia hesabu: upana 150, ukuta ukipigwa taili pande zote mbili pamoja na gundi unapoteza kama 3, inabaki 147. Urefu inabaki 207. Taili moja na uwazi wa grauti wa milimita 2 ni 30.2. Usianzie ukutani! Anzia katikati. Weka taili tatu nzima katikati ya upana, hizo ni 90.6, inabaki 28 na kitu kila upande. Urefu weka tano nzima, 151, inabaki 28 kila mwisho. Umeona? Vipande vya pembeni vyote vinakuwa 28 kuzunguka chumba kizima, mtu hawezi kujua kama vimekatwa. Hii ni bahati, si kila bafu inakubali hivi. Ukianzia ukutani utaishia na mstari uliokatwa wa sentimita 26 upande mmoja na mizima upande mwingine na dama yako inaonekana imesukumwa.

Jumla 5 mara 7, taili 35. Rangi moja 18 na nyingine 17. Na kwa kuwa namba zote mbili ni witiri, pembe zote nne zinakuwa rangi moja, inakaa sawa sana.

Lakini hapo kwenye viwanda viwili tofauti SIMAMA. Taili iliyoandikwa 30 kwa 30 si lazima iwe 30 kamili. Moja inaweza kuwa 29.8 na nyingine 30.1, na unene pia unatofautiana. Kwa sakafu ya rangi moja milimita mbili zinafichika. Kwa dama haziwezi, kwa sababu nyeusi na nyeupe zinapokezana kila hatua, mistari inaanza kucheza, kona nne hazikutani, na macho yote yanaenda hapo kwenye kona maana ndipo rangi zinapogombana. Nimewahi kubomoa sakafu nzima ya mtu kwa sababu hiyo, na hela ya kubomoa nilitoa mimi. Dukani mwambie muuzaji atoe nyeusi tano azipange kwa mstari sakafuni, nyeupe tano pembeni yake. Ncha zikilingana, nunua. Zisipolingana ondoka hata kama amekupunguzia. Bora uchukue rangi zote mbili za kiwanda kimoja. Na soma kwenye boksi, kuna namba ya rangi na namba ya saizi, maboksi ya rangi moja yawe na namba sawa.

binti_koboko:

Nalongo mi naongea kama mtu mwenye taili nyeusi nyumbani, si kama fundi. Miaka mitatu sasa.

Watu wanadhani nyeusi inaficha uchafu. Hapana dada yangu. Nyeupe inaonyesha nywele na matope, nyeusi inaonyesha kila kitu kingine: sabuni iliyokauka, poda ya mtoto, vumbi, na zaidi ya yote maji. Huku kwetu tunatumia maji ya kisima cha kuchimba, yana chokaa, tone likikauka juu ya nyeusi linaacha alama nyeupe kama umwagiwe maziwa. Ukiacha wiki mbili inashika mpaka usugue. Wewe kama una maji ya bomba na tangi la mvua utateseka kidogo kuliko mimi lakini sabuni haijali maji ni ya wapi. Nunua ule mpira wa kusukumia maji, kila anayeoga avute maji kwa trapu kabla ya kutoka, ni dakika moja. Tangu tuanze hivo sakafu yangu ni nzuri tena.

Lakini kitu ninachotaka usome mara mbili ni hiki: USIWEKE ZA KUNG'AA. Sisi tuliweka za kung'aa kwa sababu dukani zilikuwa zinapendeza, unajiona humo kama kioo. Mwaka wa kwanza mama mkwe alikuja kutoka kijijini kututembelea, akaingia kuoga jioni, sakafu ina maji na sabuni, akateleza akaangukia mkono. Kiwiko kilivunjika. Yule mama hajawahi kurudi vizuri kwa huo mkono, hata kusonga ugali anatumia mmoja. Mimi kila nikiingia bafuni nakumbuka ile sauti. Na wewe una watoto wa miaka minne wanaokimbia.

Chukua zile zisizong'aa, zenye ngozi ya kukwaruza kidogo. Dukani mwaga maji juu ya taili, weka sabuni kidogo, vua kiatu usimame juu yake. Muuzaji akinuna, anune.

mzee_walukuba:

Binti yangu Nalongo, umenigusa hapo Jinja. Naishi Walukuba tangu ujana na hizo veranda nazijua. Nyumba nyingi zilijengwa na Wahindi kabla ya 1972, walipofukuzwa, na sakafu zake nyingine bado ziko mpaka leo, zimepasuka hapa na pale lakini rangi haijatoka. Sakafu nyingi za zamani za namna hiyo hazikuwa taili za kuchoma kama hizi za siku hizi, zilikuwa za simenti iliyotiwa rangi na kukandamizwa kwa mashine, rangi yenyewe ina unene, ndo maana mguu wa mtu miaka sitini hauimalizi. Na saizi yake ya kawaida ilikuwa 20 kwa 20. Hiyo ndo sababu wewe mtoto uliweza kuruka nyeupe hadi nyeupe. Ungekuwa na 60 ungeanguka.

Kwa hiyo mimi nasema tafuta 20 kwa 20, na uzilaze mshazari, kona ielekee mlangoni. Chumba chembamba kikilazwa mshazari kinapanuka machoni kwa sababu mistari haifuati kuta, jicho linakwenda pembeni badala ya kukimbilia ukuta wa mwisho.

Kuhusu pango, mwambie mwanangu Ssalongo asiogope. Pango haliletwi na sakafu, linaletwa na kuta na taa. Nusu ya sakafu ni nyeupe tayari. Piga kuta nyeupe tupu mpaka juu, usiweke maua wala mstari wa rangi katikati, sakafu ikiwa inaongea kuta zinyamaze. Dari nyeupe. Dirisha lako la shawa weka kioo cha ukungu kinachopitisha mwanga, usiweke pazia zito. Na balbu moja ya maana, si ile ya wati chache watu wanayoning'iniza bafuni kwa sababu eti ni bafu.

fundi_ndeeba:

Mzee shikamoo, kwa kuta na taa nakuunga mkono mia kwa mia. Kwa mshazari hapana, na nitasema kwa nini.

Taili ya 30 ukiilaza mshazari, kutoka kona hadi kona ni sentimita 42. Kwenye upana wa 147 zinaingia tatu na nusu tu, umerudi kulekule kwa mabaka. Ya 20 ni 28, zinaingia tano, hiyo ingependeza kweli, lakini 20 kwa 20 nyeusi na nyeupe zisizong'aa za sakafu kwa maduka yetu ni kuzunguka, mara nyingi unapata za ukutani. Za ukutani USIWEKE CHINI, ni laini, zinakunywa maji, zinachubuka. Na mshazari kila kipande cha pembeni ni pembetatu, kukata ni kwingi, kwa kazi ya kawaida nanunua ziada moja katika kumi, kwa mshazari karibu moja na nusu, na fundi asiye na mkono mtulivu atakuharibia boksi zima. Nalongo hajasema fundi wake ni nani lakini mtu anayesema 60 kwa 60 siku moja, mi simpi mshazari.

Kitu kingine sikusema. Geuza taili mgongo, dondosha maji. Yakinywewa haraka hiyo ni seramiki, unailoweka kwanza kisha unaweza kuipiga kwa simenti. Yakikaa juu hayaingii ni porseleni, imekaza, inakunywa chini ya nusu asilimia ya uzito wake, na ndiyo bora kwa sakafu ya maji. Lakini porseleni haishikwi na simenti ya kawaida kwa sababu simenti haina pa kuingia. Inataka gundi ya taili, ile ya unga kwenye mfuko. Mafundi wengi wanaipiga kwa simenti, mwaka mmoja taili zinaanza kulia ukizigonga, ko ko ko, ndani kuna hewa, mwaka wa pili zinaruka. Zikimaliza kulazwa pita mwenyewe na shilingi mkononi gonga kila moja kabla hujalipa salio.

Grauti weka ya kijivu. Nyeupe kwa sakafu yenye murram itakuwa rangi ya chai mwezi wa pili. Nyeusi inapendeza lakini inaweza kuingia kwenye vitundu vya taili nyeupe isiyong'aa ikabaki kama moshi. Kijivu kinasimama katikati ya hizo mbili, hakigombani na yeyote. Na asubiri siku nzima baada ya kulaza ndo ajaze grauti.

mzee_walukuba:

Fundi marahaba, nimekuelewa, kwa hesabu hiyo ya 42 nakubali kwa hii bafu. Siku Nalongo akijenga veranda tutarudi kwa mshazari.

dada_malaba:

Mi nasafisha lojing hapa mpakani vyumba kumi na nne kila siku kwa hiyo niongeze neno moja. Zile dawa kali za choo zenye asidi zisiguse sakafu, zinakula grauti polepole mpaka inakuwa mifereji na maji yanaingia chini ya taili. Hata siki na ndimu ni hivohivo, tumia kwa alama za chokaa tu, futa upesi na suuza. Kazi ya kila siku ni sabuni ya kawaida, brashi na maji mengi. Na TAFADHALI usichanganye dawa ya asidi na ile ya kung'arisha nguo nyeupe, zikikutana zinatoa hewa ya sumu ya klorini, mwenzangu alizimia ndani ya bafu lisilo na dirisha kubwa, tulimtoa kwa kumvuta miguu. Una watoto, weka hizo chupa juu.

Na vumbi jekundu: liwe kavu fagia kwanza. Ukimwagia maji unatengeneza udongo na udongo unaingia kwa grauti.

Nalongo_Bweyo:

Banange asanteni sana, sikutegemea. Binti wa Koboko pole sana kwa mama mkwe, nimesoma ile habari kwa simu yangu nikampigia Ssalongo nikamsomea, akanyamaza, akasema basi za kung'aa hapana, hata kama tumeshalipa. Hatujalipa.

Nimefanya hivi. Jana nilikata maboksi ya kadi vipande 35 vya 30 kwa 30 kama fundi alivyosema, 18 nikavisugua mkaa wa jikoni upande mmoja, nikavipanga kwenye simenti ya bafu. Kwanza niliweka nyeusi kwenye pembe, nikatoka nikasimama mlangoni. Ilikuwa nzuri lakini pembe zile nyeusi zilikuwa zinavuta kuta ndani, sijui niseme vipi, kama chumba kimefungwa mkanda. Nikageuza, cheusi kimoja nikakipindua kiwe cheupe, pembe zote nyeupe, nyeupe 18 na nyeusi 17, na nikaweka shuka jeupe ukutani mzee kama ulivyosema. Pembe zikapotelea kwa ukuta na chumba kikafunguka. Nimepiga picha nikamtumia Ssalongo, amesema hilo si pango.

Leo nimeenda duka lingine nikapata nyeusi na nyeupe za kiwanda kimoja, zinatengenezwa hapahapa Kapeeka, hazing'ai. Nilipanga tano tano sakafuni, muuzaji alisimama akiniangalia mikono kiunoni lakini ncha zimelingana kabisa. Maji nimemwaga, sabuni nimeweka, viatu nimevua. Boksi lina taili 11 kwa hiyo nikichukua mawili mawili nina 22 kila rangi.

Swali la mwisho fundi. Taili ya kwanza mlangoni inakuwa nyeupe, na hapo ndo watu wanaingia na miguu ya murram. Nibadilishe? Na trapu fundi wangu ameacha bomba katikati kabisa ya chumba.

fundi_ndeeba:

Mlangoni acha nyeupe, ukibadilisha moja umevunja zote. Weka mkeka nje ya mlango na ndala za bafuni zikae ndani.

Bomba la katikati ndilo tatizo, na mshukuru Mungu umeliona kabla. Likibaki hapo sakafu inateremka pande nne kama bahasha, kila taili inayokaa kwenye mikunjo inakatwa mshazari, dama yako imekufa. Mwambie achimbe sasa, simenti bado haijafunikwa, ahamishe trapu mpaka ukuta wa mwisho chini ya shawa. Hapo sakafu nzima inateremka upande mmoja tu, mlangoni juu, shawani chini, tofauti kama sentimita 3 kwa urefu wako wote, na taili zinalala nzima. Mstari wa mwisho tu ndo aulaze kidogo kutoka pande zote mbili kuelekea trapu. Akikataa kuchimba, Jumatatu asianze. Kabla ya taili hata moja mwaga ndoo ya maji mlangoni mbele yake, uone yanakwenda wapi.

Zile zitakazobaki, saba au nane hivi, usimpe mtu. Weka juu ya kabati pamoja na kipande cha boksi chenye zile namba.

Nalongo_Bweyo:

Nimempigia. Amelalamika kidogo lakini anakuja kesho asubuhi na nyundo na tindo. Ndoo nimeshaijaza.